Kupe wa Milango Miwili

Gari la milango miwili lenye paa linaloinama kuelekea nyuma Wafaransa waliliita coupé, yaani lililokatwa, na jina hilo likapita katika lugha nyingi bila kuleta matata. Likiingia kwenye Kiswahili linageuka kupe, na hapo majirani hupata la kusema. Gari lenyewe lina viti vinne kwenye kadi, lakini viwili vya nyuma ni vya begi na mtoto wa chekechea. Linagonga matuta. Linakunywa fedha za mwenyewe kimyakimya. Kupe hasa, wanasema, na mwenye gari hucheka nao kwa kuwa anadhani hana jibu. Mimi nadhani analo. Wafugaji wa Kagera wanajua kwamba damu anayonyonya kupe siyo inayomwangusha ng'ombe. Kinachomwangusha ni ndigana kali ambayo kupe ameibeba, na kupe huyo huhitaji kung'ang'ania siku kadhaa kabla ugonjwa haujamwingia mnyama. Ndiyo maana josho lina siku yake, ng'ombe aonekane na kupe au asionekane. Anayesubiri mpaka tezi zivimbe chini ya sikio ameshachelewa, na tiba inayofuata ni ghali na haina uhakika. Mwenye gari kuukuu la spoti hapa Miembeni, Bukoba, yuko kwenye hesabu hiyohiyo. Kinachommaliza ni zile siku alizosubiri.

Nayasema haya kama mmiliki, lakini sitaleta visa. Wenye magari haya tuna visa vingi mno, kila kimoja kina mlima, mvua na usiku wa manane, na vyote humalizika kwa msimuliaji kuwa shujaa. Kisa ni ushahidi dhaifu, kwa sababu gari lililotunzwa vizuri halina kisa. Kilichonifunza zaidi ni vitu vinavyochosha kusimuliwa: daftari la tarehe na kilomita, risiti zilizofifia, na spea za zamani zilizotazamwa vizuri baada ya kufunguliwa, kabla hazijatupwa. Daftari likishajaa kurasa za kutosha, mtu huona kwamba karibu kila tatizo kubwa lilitanguliwa na dogo lililoonekana na likaachwa.

Nichukue mfano wa Toyota Celica la kizazi cha saba, lile lenye taa ndefu zilizochongoka. Lilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2006, mwaka ambao Toyota waliliacha jina lililokuwa sokoni tangu 1970. Kwa hiyo hata lile la mwisho kutoka kiwandani si changa tena. Watu wa hapa hupima umri wa gari kwa pleti: ni namba B au namba D? Pleti inaeleza lini gari lilisajiliwa nchini, haisemi lilizaliwa lini Japani. Celica la namba D linaweza kuwa rika moja na la namba B, na mpira ulio chini ya bodi yake ni wa umri uleule. Mnunuzi anayelipia herufi amelipia usajili tu.

Swali la maana zaidi ni la ukoo, na kwa mkoa huu ambako mgeni huulizwa ukoo wake kabla ya kazi yake, halipaswi kuwa geni. Celica la kawaida la kizazi hicho lina injini ya 1ZZ-FE, yenye sentimita za ujazo 1,794, ndugu wa ile iliyomo kwenye Wish, na kwenye Allion na Premio za 1.8. Gari la spoti ambalo watu huligeukia barabarani ni binamu wa teksi. Plagi, koili, pampu ya maji, chujio la oili na sensa kadhaa hazihitaji kutafutwa kwa jina la Celica. Toleo kali zaidi lina 2ZZ-GE, injini ambayo Yamaha walishiriki kuiunda, inayobadilisha tabia ya valvu zake ikipita mizunguko elfu sita hivi kwa dakika. Lotus wa Uingereza waliiweka kwenye Elise. Vijana hulitafuta toleo hilo kwa hamu na sauti yake nayo inaeleweka, lakini mtu wa Bukoba akiniuliza nitamwambia alikwepe, kwa sababu ndugu wa injini hiyo huku ni wachache. Mji huu uko takriban kilomita 1,400 kutoka Dar es Salaam, ambako spea zimejaa Gerezani na Shauri Moyo. Kampala, kwa njia ya Mutukula, ni kama kilomita 300, na wengi wetu tunalijua soko la Kisekka la huko kuliko tunavyoijua Kariakoo. Vyovyote vile spea ni safari, au ni kifurushi ndani ya basi kinachosubiriwa stendi, na mara nyingine kinachofika ni cha upande usio wenyewe. Aliye Dar anaweza kusubiri kitu kife asubuhi akanunua kingine mchana. Aliye Miembeni akifanya hivyo gari litakaa juu ya mawe wiki tatu, na gari lililo juu ya mawe huharibika sehemu nyingine: betri inakufa, breki zinashika kutu, panya wanahamia kwenye waya. Umbali wenyewe ndio unaotulazimisha kutengeneza kabla.

Hakuna sehemu inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko mfumo wa kupoza injini. Bukoba iko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 1,100, na kwa mwinuko huo maji ndani ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kinachozuia maji ya injini yasichemke mapema ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa kubana presha hupandisha kiwango hicho kwa takriban nyuzi 20. Kifuniko hicho ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye gari zima. Mpira wake ukishakauka, presha inatoroka, maji yanapungua kidogo kila siku, na mwenyewe anaongeza kwa chupa asubuhi akidhani ametunza gari. Siku ya kupanda mlima kutoka mjini, foleni ikikaza na feni ikichelewa, gari linachemsha. Silinda hedi ya injini hii ni ya alumini, na alumini iliyochemka hupinda. Gasketi inaachia, maji yanakutana na oili. Bloku nayo ni ya alumini yenye mapipa membamba ya chuma, kwa hiyo mafundi wengi hawahangaiki kuifufua bali huagiza injini ya mtumba. Kutoka kwenye mpira wa kifuniko hadi kwenye injini nzima ni safari ya miezi michache, na kila kituo cha safari hiyo kilikuwa na dalili yake.

Hapohapo kuna suala la themostati. Gereji nyingi za Afrika Mashariki huitoa na kuitupa, kwa hoja kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Hoja hiyo ina mvuto wake lakini haisimami. Themostati ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi haraka na kuiweka hapo. Bukoba si Dar. Hewa ya ziwani huku ni ya nyuzi ishirini na kitu, na safari nyingi za mjini ni fupi: sokoni, kazini, kanisani au msikitini, nyumbani. Injini isiyo na themostati haifiki joto lake kwenye safari hizo. Kompyuta yake inaendelea kumimina petroli kama ya injini baridi, na unyevu haukauki ndani ya oili. Ubaya zaidi ni kwamba kuitoa huficha ugonjwa. Rejeta iliyoziba kwa kutu inaonekana kupona, kumbe imepunguziwa mzigo kwa muda. Kutu hiyo nayo huletwa na maji matupu ya bomba yanayowekwa badala ya kulanti. Watu huiona kulanti kuwa maji ya rangi yanayouzwa kwa bei ya anasa, ilhali dawa iliyomo ndani yake ndiyo inayoilinda alumini isiliwe. Kwa mkoa usio na baridi ya kugandisha maji, hiyo ndiyo sababu kuu ya kuinunua, nayo inatosha.

Kuhusu oili nitakuwa mfupi. 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana duniani kote kwa kula oili, kwa sababu matundu ya pistoni yanayorudisha oili chini yalikuwa madogo na huziba, na Toyota waliyarekebisha baadaye. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haipimi kiasi kilichobaki. Inapima presha, na inapowaka wakati gari linatembea, madhara yamekwisha kuanza. Stiki ya oili haina gharama, na dakika mbili kila Jumamosi zinatosha.

Mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka, na hapa ndipo wapenzi wa magari haya wanapojidanganya zaidi. Gari linatoka wikendi tu, kilomita zake ni chache, kwa hiyo linadhaniwa kuwa zima. Lakini bushi za mikono ya mbele, hosi za rejeta, feni belti na vifuniko vya mpira vya drivushafti vinazeeka gari likiwa limelala. Tairi ndilo linalosema wazi kuliko vyote. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne, na 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wengi wananunua tairi za mtumba kwa kutazama meno tu na hawasomi tarakimu hizo. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na katika mji ambao mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kuiacha miaka mitano ni kuweka maji ndani ya breki kwa hiari. Tena mtaa wetu unaitwa Miembeni. Anayeegesha chini ya mti anapata kivuli, utomvu na majani. Majani hayo hujaa kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele, yanaziba njia ya maji, na mvua ikija maji yanatafuta njia ya kuingia ndani, kwenye zulia na kwenye waya. Kuyatoa kwa mkono ni kazi ya mtoto.

Wapo watakaosema kwamba nahangaika bure, kwa kuwa Celica limethibitishwa katika ardhi hii kuliko gari lolote. Hoja hiyo ina uzito wake. Mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo sasa ni Safari Rally, yamechukuliwa mara kadhaa na magari ya milango miwili. Datsun 240Z lilishinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyemaliza sawa kwa pointi na Harry Källström wa Datsun jingine na kupewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Celica lilishinda 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1992, mmoja wa washindi hao akiwa Mkenya, Ian Duncan, mwaka 1994. Mara nane ndani ya miaka 12. Nani basi aseme gari hili halifai barabara zetu? Ila ushahidi huo ukisomwa vizuri unasema kitu kingine. Magari yale yalikuwa na shokapu na bodi zilizoimarishwa, na nyuma yake kulikuwa na magari ya huduma, mafundi waliopangwa njiani na helikopta angani. Kilichofunguliwa kwenye kituo cha huduma hakikuwa kimevunjika. Kilifunguliwa kwa sababu mtu alikuwa amehesabu kwamba hakitafika kituo kinachofuata. Timu zilizoshinda Safari zilikuwa na josho. Anayelitaja Celica la Safari kama sababu ya kutobadilisha bushi zake hakuelewa lilishindaje.

Kuhusu barabara, nakubali nusu ya pingamizi. Lami ya kutoka Bukoba kwenda Muleba hailikatazi gari la chini, wala ile ya Mutukula. Njia za vijijini baada ya mvua zinalikataza, na hakuna ujanja. Wanaoweka vipande vya kuinua springi ili gari lipite matuta hubadilisha pembe ya drivushafti, kisha hushangaa viungo vyake vinapoanza kugonga kwenye kona. Gari la namna hii linamtaka mwenyewe ajue njia zisizo zake, na siku ya kwenda shamba apande la mwingine.

Pingamizi zito zaidi ni la anasa. Fedha ya shokapu nne ingelipa ada au ingenunua mabati, na katika mji ambao tetemeko la Septemba 10, 2016 liliangusha nyumba nyingi, mabati si neno la mapambo. Sitabisha kwamba ni anasa. Mtu asiye na akiba asinunue gari hili, na mwenye gari moja tu la kupelekea watoto hospitali asilifanye hili liwe hilo moja. Lakini anasa nayo ina vipimo. Tangu mwaka 2017 serikali ilipofuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, gari linalotembea kidogo linalipa kidogo. Halilimbikizi deni la serikali likiwa limelala. Kwa upande mwingine, kuagiza gari lililozidi miaka 10 kunavuta ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa uchakavu, Kenya haipokei yaliyozidi miaka minane, na Uganda tangu 2018 imeyafungia mlango yenye zaidi ya miaka 15. Celica ambalo limekwisha kuingia nchini ni gumu kulipatia mrithi. Anayeliua kwa uzembe hawezi kesho kuagiza jingine kwa bei aliyolipata, na yule anayebadilisha gari kila linapoanza kutoa sauti analipa ushuru na hasara ya kuuza mara mbili, mara tatu, huku akimwita mwenzake mfujaji. Wazee wa huku walijenga kibanja juu ya udongo ambao kwa asili haukuwa na rutuba ya kujivunia, kwa kubeba nyasi kutoka rweya, yaani uwanda wa nyasi, na samadi kutoka zizini mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyewauliza kwa nini hawakuhamia shamba jipya kila migomba ilipodhoofu.

Kisha kuna suala la fundi, na hapa lawama hupewa asiyestahili. Inasemekana magari haya hayadumu kwa sababu mafundi wetu hawayajui. Mafundi wengi wanaijua 1ZZ kuliko wanavyopewa sifa. Wameishika kwenye Wish kila wiki. Tatizo liko kwenye malipo. Fundi hulipwa gari likiharibika. Hakuna anayemlipa kwa kuligusa gari zima na kusema kiungo hiki kina miezi sita. Ndiyo maana akiulizwa hujibu, "Bosi, hii haina shida, tembea nayo," na kwa hesabu yake yuko sahihi: kuisema shida ambayo bosi haioni ni kutuhumiwa wizi. Mwenye gari anayetaka josho sharti alilipie josho. Amlipe fundi saa moja ya kukagua chini ya gari hata kama hakuna bolti iliyofunguliwa, na amlipe bila kinyongo akiambiwa kuna kitu. Aandike mwenyewe kwenye daftari, maana fundi ana magari arobaini kichwani. Uhusiano wa namna hiyo huchukua muda kujengeka, na mara nyingi huanza kwa fundi kushangaa.

Usalama sitautetea. Gari la mwanzoni mwa miaka ya 2000 halimlindi aliye ndani kama la leo, na hakuna bushi mpya itakayobadilisha hilo. Linaendeshwa kwa kulijua.

Mahali ambapo josho lenyewe linashindwa ni kwenye bodi. Ukoo wa Celica unaishia chini ya boneti. Wish haiwezi kulikopesha mlango, Premio haina taa zake, na kioo cha nyuma kilichopinda kama mgongo wa samaki hakiko kwenye gari jingine lolote linalopita Rwamishenye hapa mjini. Milango mirefu huning'inia kwa uzito wake na bawaba zake huchoka. Hizo fundi mzuri wa bodi anaweza kuziokoa. Taa hawezi. Vitu hivi havizeeki kwa ratiba, vinavunjwa na bodaboda au na tawi la mti, siku isiyojulikana, na siku hiyo hakuna duka la kukimbilia. Basi hapa hesabu inageuka: spea inanunuliwa inapoonekana, si inapohitajika. Taa ya nyuma ya kushoto ikijitokeza Kisekka leo, inanunuliwa leo, inapanda basi la Mutukula, inafungwa kwenye blanketi kuukuu na kuwekwa juu ya kabati, ingawa ile iliyo kwenye gari haina hata ufa.